Akiba Huanza Siku ya Mshahara

Kila mwezi, mjini na katika vijiji vya Unguja na Pemba, huonekana jambo moja ambalo limekuwa la kawaida hata halishangazi tena. Kijana aliyeajiriwa hivi karibuni, mwenye kazi ya halali na afya njema, hupokea mshahara wake, na kabla hazijapita wiki mbili huanza kutafuta wa kumwazima nauli. Wazee humtazama wakasema kwamba vijana wa siku hizi hawana akili ya maisha. Vijana nao hujibu kwamba mshahara ni mdogo, na kidogo hakiwekeki. Sisi tunaona kwamba kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, na zote mbili zina upungufu.

Wahenga walitwambia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, basi na tuanze na daftari. Tuchukue mfano wa kijana asiye na mke wala watoto, karani au msaidizi wa duka, ambaye mshahara unaomfikia mkononi ni shilingi 350,000 kwa mwezi. Chumba cha kupanga kinamchukulia 60,000. Chakula, kwa kiasi cha 4,000 kwa siku, ni 120,000. Nauli ya kwenda kazini na kurudi, 1,200 kwa siku kwa muda wa siku 26, ni 31,200. Wazee wake huwapelekea 40,000, wala hatumshauri apunguze hapo. Umeme na maji ni 12,000, vocha ya simu 15,000, sabuni na mavazi 20,000, na michango ya harusi na maziko, ambayo katika visiwa vyetu haikwepeki, 20,000. Jumla ni 318,200. Hesabu hii ni ya mfano tu, na kila msomaji ataibadilisha kwa hali yake. Lakini inatuonyesha kwamba zimebaki shilingi 31,800.

Kijana huyu, anapotoka kazini jioni, akisita njiani kila siku akanunua kitu kidogo cha shilingi 1,000 tu, atakuwa ametumia 30,000 kwa mwezi. Hakufanya anasa, hakucheza kamari, wala hakuna mtu atakayemwita mfujaji. Lakini karibu ziada yake yote imekwisha, naye hawezi kueleza imekwenda wapi. Bandu bandu huisha gogo. Ndiyo maana tunasema kwamba wazee wanaomlaumu kijana kwa ufujaji mara nyingi hawakuipiga hesabu yake, na kijana anayesema kuwa hakuna kinachobaki hakuiandika.

Desturi ya walio wengi ni kutumia kwanza, kisha kuweka kinachobaki. Kwa mtu mwenye kipato kidogo desturi hiyo haina mwisho mwema, kwa sababu mahitaji hayana adabu. Hujaza nafasi yoyote yanayoachiwa. Hapana budi mpango huo ugeuzwe. Siku ile ile mshahara unapopokewa, kabla ya deni la duka na kabla ya matembezi, itolewe akiba kama inavyotolewa kodi ya chumba. Kijana wa mfano wetu akitoa 25,000 kila mwezi, mwaka utakapotimia atakuwa na 300,000, nazo zinakaribia mshahara wa mwezi mzima. Fedha hizo hazitamjengea nyumba. Kazi yake ni kumkinga asilazimike kumpigia hodi mkopeshaji siku atakapougua, au siku kazi itakaposimama.

Na kazi husimama. Hatukuhitaji kufundishwa hilo na mtu wa mbali, kwani mwaka 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipokata safari za watalii, hoteli nyingi za visiwa hivi zilifunga milango, na maelfu ya vijana walioishi kwa mishahara na bakhshishi walijikuta nyumbani bila ya taarifa. Aliyekuwa na akiba ya mwezi mmoja alipata mwezi mmoja wa kufikiri afanye nini. Asiyekuwa nayo aliuza simu katika wiki ya kwanza. Nahodha hatafuti tanga la akiba wakati upepo umekwisha chafuka.

Hata bila ya janga, uchumi wa visiwa vyetu ni wa misimu. Mfanyakazi wa hoteli anajua kwamba masika yakiingia wageni hupungua, na wako wanaopewa likizo isiyo na malipo. Mchumaji wa karafuu kule Pemba hulipwa kwa pishi wakati wa vuno, na baada ya hapo mikarafuu hukaa kimya. Mkulima wa mwani hufuata bamvua, na mvuvi hufuata upepo na mwezi. Watu hawa hawana mshahara wa mwezi, kwa hiyo wengi husema kuwa hesabu si yao. Sisi tunasema kinyume chake, kwamba wao ndio wanaoihitaji zaidi. Mwenye mapato ya msimu ajumlishe alichopata katika msimu mzuri, akigawe kwa miezi kumi na miwili, na hicho kitakachopatikana ndicho akione kuwa mshahara wake. Fedha ya vuno ikitumika kana kwamba vuno litakuwepo kila mwezi, njaa huja kabla ya maua.

Yako pia matumizi ambayo tunayaita dharura na hali tarehe yake imo katika kalenda. Mwezi wa Ramadhani hauji kwa ghafla. Hutangulia kwa siku zipatazo kumi na moja kila mwaka, ukilinganishwa na kalenda inayotumika kulipia mishahara, na Sikukuu huufuata pamoja na nguo mpya, kanzu na mikono ya Idi ya watoto. Skuli nazo zina tarehe zake za kufungua, zikihitaji sare na madaftari. Mwenye ndugu wadogo wanaomtegemea akadirie gharama hizo, azigawe kwa miezi iliyobaki, na aziweke mbali na ile akiba ya maradhi. Kukopa kwa ajili ya Idi ni kuifanya furaha ya siku moja ilipiwe kwa miezi mitatu.

Swali linalofuata ni pahala pa kuweka. Kibubu cha nyumbani ni chema kwa kuanzia, ila kina adui watatu: mwizi, moto, na mkono wa mwenyewe. Mchezo, ambao wengine huuita upatu, una nguvu ya aibu njema. Watu kumi wakitoa 20,000 kila mmoja, kila mwezi mmoja wao hupokea 200,000, na hakuna anayetaka kuwa yeye wa kuuvunja. Lakini ijulikane kwamba anayepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake, na anayepokea wa mwisho ndiye aliyeweka akiba. Tena ukipatwa na maradhi mwezi wa tatu na zamu yako ni ya tisa, mchezo haukusaidii isipokuwa kwa hisani ya wenzako.

Kwa sababu hiyo tunavipa heshima ya pekee vikundi vya kuweka na kukopa. Utaratibu wake ulianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa vijijini, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukafika kwetu katika vijiji vya jirani na msitu wa Jozani, kisha ukaenea. Wanachama hununua hisa katika kila mkutano kwa kadiri ya uwezo wao, hukopeshana kutoka humo humo, huchangia mfuko mdogo wa misiba, na mwisho wa mzunguko hugawana. Sanduku lina makufuli matatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, hata asiyejua kusoma akasikia na akakumbuka. Tungependa kuwaona vijana wa kiume nao wakiingia katika vikundi hivi, badala ya kuviita mambo ya akina mama.

Benki nayo isiogopwe. Benki ya Watu wa Zanzibar ilianzishwa mwaka 1966, na tangu mwaka 2011 ina huduma zinazofuata misingi ya Kiislamu, kwa hiyo anayejiepusha na riba hana tena sababu ya kuficha fedha chini ya godoro. Ila kabla ya kufungua hesabu, kijana aulize makato ya kila mwezi ni kiasi gani, kwani makato madogo hula akiba ndogo. Simu, ambayo imetumika kutuma na kuweka fedha nchini mwetu tangu mwaka 2008, ina wepesi mkubwa. Na wepesi huo huo ndio hatari yake, kwani fedha inayotoka kwa kubonyeza vidole haikai.

Hapa tunatoa onyo. Mwaka 2009 Serikali iliusimamisha mpango ulioitwa DECI, ambao uliwaahidi watu kwamba wakipanda mbegu ya fedha watavuna mara kadhaa, na wengi waliopanda hawakuvuna. Ahadi za namna hiyo hubadilisha majina na kurudi. Aidha, mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni. Mikopo hii wananchi wenyewe wameipa jina, nalo ni kausha damu. Mwenye jina hilo masikioni hahitaji maelezo zaidi kutoka kwetu.

Tukiishia hapa, hata hivyo, tutakuwa tumewaonea vijana. Yote tuliyoyashauri yanasimama juu ya nguzo moja, nayo ni siku ya mshahara. Tumesema akiba itolewe siku hiyo. Lakini siku hiyo haimo mikononi mwa kijana, imo mikononi mwa mwajiri wake. Wako waajiri katika visiwa hivi ambao hulipa mwezi huu tarehe 28, mwezi ujao tarehe 9, na mwezi wa tatu hulipa nusu. Kijana wetu wa mfano, mshahara unapochelewa, mwenye nyumba hachelewi kudai, wala tumbo halisubiri. Akikopa 50,000 kwa masharti ya kurejesha 65,000, basi amelipa 15,000 kwa kosa ambalo si lake, nazo ni sehemu tatu katika tano za akiba yake ya mwezi. Je, huyu tumhubirie nini kuhusu kudunduliza?

Tunakiri kwamba hatua zimechukuliwa. Kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kilipandishwa kutoka shilingi 150,000 hadi 300,000 mwaka 2017, kisha hadi 347,000 mwaka 2022. Hayo ni mambo ya kushukuriwa. Lakini nyongeza inayokuja kwa tarehe isiyojulikana humfaidi mkopeshaji kuliko mfanyakazi.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika mambo manne, ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kila mwajiri, wa umma na wa binafsi, aitangaze siku ya malipo na aiheshimu, na ikiwa hapana budi ichelewe, wafanyakazi waambiwe mapema. Pili, kila mfanyakazi apewe karatasi inayoonyesha mshahara na makato yake, na aliyekatwa mchango wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ulioanzishwa mwaka 1998, aweze kuhakikisha kuwa umefika Mfukoni. Tatu, mfanyakazi anayetaka akiba yake ikatwe kabla ya mshahara kumfikia, akubaliwe bila ya usumbufu. Nne, wakaguzi wa kazi watembelee mahoteli na maduka ambako vijana hufanya kazi miezi kadhaa wakiitwa vibarua bila ya mkataba. Sheria ya Kazi Namba 11 ya mwaka 2005 ipo, na sheria isiyokaguliwa ni karatasi.

Masheha nao wana nafasi yao. Sheha anajua katika shehia yake ni kikundi gani chenye sanduku na hesabu safi, na ni mtu gani anayezunguka na ahadi za utajiri. Kuwaelekeza vijana kwa wa kwanza na kuwatahadharisha na wa pili ni kazi ya baraza moja la jioni.

Na kwa vijana wetu tunasema haya. Nunua daftari, uandike kila unachotumia kwa mwezi mmoja tu, hata shilingi 200 ya karanga, bila ya kujilaumu. Mwezi wa pili, toa akiba siku unapopokea, hata ikiwa 5,000. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vinne hufanya pishi. Wajibu wa kijana ni kuweka siku anayolipwa. Wajibu wa mwajiri ni kuifanya siku hiyo ijulikane. Upande mmoja ukitimiza na mwingine ukaacha, tutaendelea kuwalaumu watoto wetu kwa umasikini ambao sehemu yake tumewatengenezea sisi.