Kumbukumbu mpya ya kompyuta: Nani aamue ianze kazi?

KIDAHWE, mkoani Kigoma, ndiko kulikopangwa kuishia njia ya umeme wa kilovolti 400 kutoka Nyakanazi. Nguzo kufika mahali ni jambo moja na taa kuwaka ni jingine. Kati ya hayo mawili lazima awepo wa kuamua umeme uwashwe.

Ndivyo ilivyo kwa kompyuta inayoongezewa kumbukumbu ikiwa kazini. Katika Linux, mfumo endeshi unaotumika kwenye seva nyingi duniani, kumbukumbu hiyo hupokewa kwa hatua mbili. Kwanza kerneli, yaani kiini cha mfumo, huisajili. Kisha huiruhusu itumike. Bila ruhusa hiyo, programu haziwezi kuigusa.

Je, ruhusa itoke yenyewe au isubiri amri? Kwa miaka mingi kerneli ilisubiri amri kutoka nje. Kusubiri huko kuna gharama. Kila ukurasa wa baiti 4,096 huandikiwa maelezo ya baiti 64, ambayo kwa kawaida huwekwa katika kumbukumbu iliyokwishaanza kutumika. Kwa hiyo gigabaiti 64 mpya huhitaji gigabaiti 1 ya maelezo. Amri ikichelewa, mashine ndogo inaweza kuishiwa nafasi na kuanza kuzima programu zake, ilhali shehena nzima imekaa bure.

Kutokana na hali hiyo, mwaka 2016 uliongezwa mpangilio unaoiwezesha kumbukumbu kuanza kazi mara inapoingia. Mwaka 2020 msimamizi aliwezeshwa kuchagua pia, tangu mashine inapowashwa, kumbukumbu hiyo iwe ya aina gani.

Uchaguzi huo si mdogo. Kumbukumbu ikiachwa itumiwe na kerneli yenyewe, huwa vigumu kuiondoa baadaye, kwa kuwa vitu vingi vya kerneli havihamishiki. Ikitengwa kwa vitu vinavyohamishika tu, huondolewa kwa urahisi zaidi. Lakini ikizidi mno, kerneli huweza kukosa nafasi yake huku nyingine ikiwa tupu.

Hakuna jibu moja linalofaa mashine zote. Hata hivyo, wasimamizi wengi hawagusi kabisa mpangilio waliokabidhiwa. Ndiyo maana anayeupanga mwanzoni hana budi kuchagua ule ambao, hata ukisahauliwa, hautaizimisha seva inayotegemewa na watu.