Je, Wajua? Punda Anayegoma Anapima Hatari

Punda akisimama ghafla njiani, mara nyingi si ukaidi. Ni hadhari.

• Farasi akishtuka hutimua mbio. Punda hugota. Masikio wima, kwato zimekita ardhini, pua inanusa. Dimbwi la maji, daraja la mbao, hata kivuli kilichokatiza njia chatosha kumsimamisha. Hasogei mpaka aridhike kuwa mbele ni salama.

• Tabia hiyo ni ya kurithi. Babu yake ni punda mwitu wa Afrika, ambaye bado yupo, japo kwa uchache, kwenye nyika kame zenye mawe za Ethiopia na Eritrea. Huko, anayekimbia ovyo huvunjika mguu.

• Akibanwa, hupigana. Huuma, hukanyaga, hurusha mateke. Ndiyo maana baadhi ya wafugaji humchunga pamoja na kondoo: mbwa na mbweha wakija, yeye ndiye mlinzi.

• Katika Mji Mkongwe wa Lamu, vichochoro ni vyembamba mno kwa magari. Punda ndiye hubeba mchanga, saruji na mawe ya matumbawe. Tangu mwaka 1987 punda wana zahanati yao mjini humo.

• Bakora haisaidii kitu. Humwongezea hofu, naye huzidi kujikita. Mchukuzi mzoefu hulegeza kamba, akamwacha atazame na kunusa. Akisharidhika, huondoka mwenyewe, mzigo mgongoni.