Mtoto amemeza dawa ya kichocho, mbona mayai bado yanaonekana?

Mtoto wako amepimwa urefu shuleni kwa fimbo ya dozi, amemeza vidonge vyake vya prazikwanteli na kurudi nyumbani. Miezi miwili baadaye anapimwa choo au mkojo, na mayai ya kichocho yapo. Mtaani maneno huanza mara moja: dawa ni feki, imeisha muda, serikali inatudanganya. Mara nyingi sivyo. Inawezekana ameambukizwa upya majini. Lakini kuna sababu nyingine ambayo watu wachache huelezwa, nayo ilijulikana kupitia majaribio ya maabara.

Ili kupima dawa ya kichocho, maabara lazima iwe na minyoo hai ya kila umri. Hilo si jambo dogo, kwa sababu mnyoo huyu huhitaji konokono na mnyama ili akamilishe maisha yake. Kwa hiyo konokono wa majini hufugwa kwenye vyombo. Wakiwekwa kwenye mwanga, hutoa vimelea majini, vilevile kama wanavyofanya ziwani jua linapowaka. Vimelea hivyo hupenya ngozi ya panya wa maabara, na ndani ya wiki sita hivi huwa minyoo mikubwa inayotaga mayai. Kundi moja la panya hupewa dawa, jingine halipewi. Kisha minyoo iliyobaki katika kila kundi huhesabiwa mmoja mmoja.

Watafiti walipobadilisha siku ya kutoa dawa, matokeo yalibadilika sana. Panya waliotibiwa wakiwa na minyoo mikubwa walibaki na minyoo michache. Waliotibiwa minyoo ikiwa na wiki tatu au nne tu walibaki na mingi, na iliendelea kukua kana kwamba hakuna kilichotokea. Prazikwanteli ni hodari kwa mnyoo mzima. Kwa mnyoo mchanga ni dhaifu.

Sasa fikiria maisha ya mtu wa Ukerewe au Mwanza anayevua, kuoga au kuteka maji ziwani kila siku. Mwilini mwake hamna minyoo ya umri mmoja. Mna ya miaka, ya miezi, na iliyoingia wiki iliyopita. Dawa inaua mikubwa. Michanga inapona, inakua, inaanza kutaga. Ndiyo maana kipimo cha wiki ya tatu kinaweza kuwa safi na cha mwezi wa pili kikaonyesha mayai. Na ndiyo maana mgeni aliyeoga ziwani siku moja tu hushauriwa kungoja wiki 6 hadi 8 kabla ya kumeza dawa, minyoo iwe imekomaa.

Kinachotokea ndani ya mnyoo nacho kimeonekana kwa darubini. Dawa ikimgusa, madini ya kalsiamu humwingia kwa wingi, misuli yake hukakamaa na ngozi yake huchubuka. Mwaka 2019 watafiti walitambua mlango ambao dawa huufungua kwenye seli za mnyoo. Ngozi ikishachubuka, kinga ya mwili humuona na kumshambulia. Panya wenye kinga dhaifu hawafaidiki na dawa hii kama wenzao. Maumivu ya tumbo ambayo mtoto hulalamikia baada ya kumeza yanahusiana kwa kiasi na minyoo hiyo inayokufa. Mpe chakula kabla ya dawa: humpunguzia usumbufu, na mwili huinyonya dawa vizuri zaidi.

Je, hakuna dawa ya minyoo michanga? Artemetha, ambayo wengi wetu tunaijua kwenye dawa mseto ya malaria, iliua minyoo michanga katika majaribio ya wanyama. Inavutia. Lakini kuigawa kwa kila mtu penye malaria kunaweza kuwazoesha vimelea vya malaria, na hiyo ni hasara ambayo hatuwezi kuimudu.

Kwa hiyo, mtoto wako akiendelea kukojoa damu, kuharisha damu au kuumwa tumbo wiki kadhaa baada ya dawa, mrudishe kituo cha afya. Mweleze mhudumu tarehe aliyomeza na kama ameingia majini tangu hapo. Anaweza kupewa dozi nyingine. Usimpe mwenyewe nusu kidonge kilichobaki kwa jirani. Dozi hupimwa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo.

Kwa watoto wadogo kuna habari njema. Kidonge cha kawaida kina nusu mbili zinazofanana kama ndala ya kulia na ya kushoto. Maabara ilionyesha kuwa moja ndiyo inayoua minyoo, na nyingine huongeza uchungu mwingi na ukubwa wa kidonge. Nusu inayofanya kazi imetengenezwa peke yake kuwa arprazikwanteli, kidonge kinachoyeyuka kwenye maji, kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Ilijaribiwa kwa watoto wa Kenya na Côte d'Ivoire, na Shirika la Afya Duniani liliithibitisha mwaka 2024. Kwa minyoo michanga, hata hivyo, haibadilishi kitu. Ni dawa ileile iliyopunguzwa uchungu, na mtoto aliyeipata bado anaweza kuhitaji kurudia.