Acheni Kuiuliza El Niño Habari za Masika

Kila Februari inapoingia, kabla mkulima hajanunua hata kilo moja ya mbegu za maharage, swali ni lilelile: "Mzee, mwaka huu El Niño iko?" Naulizwa sokoni Gitega, hapa Burundi, naulizwa garini njia ya Muyinga, na anayeuliza huwa ameshajijibu: ikiwepo, mvua itamwagika mpaka Mei, isipokuwepo, njaa. Kwa mvua ya masika, swali hilo halimsaidii mkulima kitu.

El Niño, yaani lile joto la Bahari ya Pasifiki, huonekana zaidi huku kwetu wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba. Vuli ya 1997 ndiyo iliyolitia jina hilo vichwani mwa watu, na tangu hapo kila daraja likisombwa, ni El Niño. Wanaosimulia husahau kwamba mwaka ule Bahari ya Hindi nayo, upande huu wa Afrika, ilikuwa na joto kupita kawaida. Mwaka 2015 El Niño ilirudi na nguvu zilezile, watu wakajiandaa kwa gharika, na sehemu nyingi za Afrika Mashariki hazikuona mvua iliyokaribia ile ya 1997. Kinyume chake, vuli ya 2019 ilileta mafuriko makubwa bila El Niño ya maana. Kazi ilifanywa na Bahari ya Hindi.

Na hiyo ni vuli, ambako walau uhusiano upo. Kwenye masika hesabu ya sokoni huvunjika kabisa. Masika ya 2018 yalikuja Pasifiki ikiwa inatoka kwenye La Niña, kinyume cha El Niño, yule anayesingiziwa kila ukame. Mvua ikanyesha Kenya hadi bwawa la Solai likapasuka tarehe 9 Mei na kuua watu zaidi ya 40. Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo ukaizamisha Gatumba. El Niño haikuwepo. Hapo hunyanyuka mtu na 2024: Ziwa Tanganyika lilipanda, serikali yetu ikaomba msaada wa kimataifa, na El Niño ilikuwepo. Ndiyo, ilikuwepo, tena ikizimika, na ziwa lenyewe lilikuwa limejaa tangu miaka ya nyuma. Mwaka mmoja haufanyi kanuni.

Masika huendeshwa na mambo ya muda mfupi. Kimbunga kikikaa mashariki ya Madagascar, huweza kuvuta upepo wa magharibi wenye unyevu wa Kongo ukapanda milima yetu. Kikiingia upande wa Msumbiji, kama Idai ya Machi 2019, unyevu huelekea kusini na wakulima wa kaskazini hubaki wakitazama mbingu. Kuna pia makundi ya mawingu yanayoizunguka dunia kwa siku 30 hadi 60. Mambo hayo yote huonekana siku au wiki chache kabla, si miezi mitatu. Ndiyo maana utabiri wa masika ni dhaifu kuliko wa vuli, na anayekuapia vinginevyo ana kitu anakuuzia.

Basi someni utabiri wa msimu wa IGEBU, taasisi ya hali ya hewa ya Burundi, na wa ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha kanda, kama ulivyo. Mtu asiyejua lolote angegawa sawa: yapata 33 kwa mia mvua nyingi, 33 ya wastani, 33 haba. Ramani ya utabiri ikiandika 45 kwa mvua nyingi, bado 55 zimebaki kwa hayo mengine mawili. Tena jumla ya msimu haisemi siku. Wastani unaweza kutimia huku mvua ikikatika wiki mbili maharage yakiwa kwenye maua, na wewe ukavuna majani.

Rangi moja ya ramani pia haimaanishi jambo moja kila mahali. Gitega, kwenye miinuko ya kati, hofu yangu ni mteremko kuporomoka. Muyinga, jirani na Kirundo na ukavu wa Bugesera, hofu ni mvua kuchelewa na kukoma mapema.

La kufanya sasa, harakaharaka. Usipande kwa mvua ya kwanza: chimba kwa jembe, ukikuta vumbi chini ya vidole viwili vya tope, rudisha mbegu guniani. Unyevu ukishuka kupita kiganja kizima na taarifa za karibu za redioni zinaonyesha mvua inaendelea, panda. Usimalize mbegu zote siku moja. Muyinga: maharage yanayokomaa upesi, na sehemu ya shamba iwe mihogo, viazi vitamu au mtama. Weka akiba ya mbegu kwa ajili ya bondeni, msimu C wa kiangazi. Gitega: mitaro ikatize mteremko, kingo zipandwe majani ya mifugo, na mitaro ichimbwe Februari, kwa sababu Aprili udongo wako utakuwa umeshahamia kwa jirani wa chini.