Kabla ya kuchagua chuo cha sanaa za mikono

Kijana anayetaka kusomea uchongaji, ufinyanzi au ususi huanza kwa kuulizia ada na cheti. Ni maswali ya haki, ila lipo linalopaswa kutangulia: kwa wiki atashika kifaa saa ngapi, na fundi gani atakuwa pembeni yake?

Swali hilo lina uzito kwa sababu sehemu kubwa ya ufundi huu imekuwa ikirithishwa nje ya madarasa. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga aliwafundisha kuchora jamaa zake wachache, na alipofariki mwaka 1972 ni hao walioendeleza mtindo wake hadi wakaunda ushirika mwaka 1990, Dar es Salaam. Kwa wachongaji wa Kimakonde, mwanagenzi huanza na msasa kabla hajaaminiwa patasi. Mpingo, mti wanaouchonga, hausamehe. Ni mti mzito kiasi cha kuzama majini. Nje una ganda la njano iliyopauka, ndani kiini cheusi. Fundi hushusha ganda kwa tezo, akisoma mkao wa nyuzi na nyufa, ndipo aamue kichwa cha sanamu kikae wapi. Uamuzi huo haufundishiki ubaoni.

Chuo kizuri huongeza pale karakana ya mtaani inapoishia: historia ya sanaa, usanifu, hakimiliki, hesabu za biashara. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937, humfaa anayelenga shahada. Trowell alithamini kazi za mikono za Waganda na majirani zao, akashiriki kuziandikia kitabu kilichotoka mwaka 1953. Sam Ntiro, mchoraji kutoka Kilimanjaro, alipitia hapo. TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo, humfaa zaidi anayependa sanaa za mikono ziishi jirani na ngoma, muziki na maigizo.

Kwa Tanzania, usajili wa chuo uhakikishwe NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Kisha mzazi na mwanawe wakitembelee siku ya masomo, si siku ya maonyesho, waingie karakana. Patasi zimenolewa? Tanuri la vyungu linawashwa, au limegeuzwa stoo? Waombe kuona kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, maana za wahitimu bora huwa tayari zimepangwa ofisini. Na waulize kama mbao, udongo na rangi vimo ndani ya ada. Mpingo ni ghali, na asiye na gogo la kuchonga atamaliza muhula akiandika madaftari tu.