Supu ya Olkiloriti na Vidonge vya Kopo

Kutoka Kitengela mpaka Kajiado hatukosi mtu wa kuingia mkutanoni na makopo ya vidonge vya majani na magome. Anasema vina antioksidanti, vinasafisha damu, vinamaliza presha na sukari. Je, akiomba pesa za meri-go-raundi zinunue katoni nzima, mtamjibu nini?

Mwili ukitumia chakula, hutokea vitu vidogo vikali ambavyo vinauharibu polepole, kama kutu inavyokula mabati. Antioksidanti ndizo huvituliza. Ziko katika matunda, mboga, chai, na hata gome la olkiloriti, ule mti wa miiba ambao wazee hutia katika supu ya nyama.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Katika miaka ya 1990 Timothy Johns wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, na wenzake walipima mimea ambayo Wamaasai hutia kwenye supu na maziwa. Waliona mingi ina fenoli, ambazo hufanya kazi ya antioksidanti, na saponini, ambazo huweza kushika kolesteroli. Basi wazee hawakuwa wakibahatisha! Lakini angalieni: hayo yalionekana kwenye chupa za maabara, na chupa haina tumbo wala maini.

Watu wenyewe walipopimwa, mambo yaligeuka. Huko Finland wavutaji sigara 29,133, wote wanaume, waliingia katika jaribio la vidonge. Matokeo ya 1994 yalionyesha kwamba waliopewa beta-karotini, ile rangi ya karoti, walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko wenzao. Jaribio linalofanana na hilo Marekani lilisimamishwa mapema, 1996. Na karoti ni chakula kizuri tu. Ila kutoa kitu kimoja ndani yake na kukimeza kwa wingi kila siku ni jambo lingine.

Kwa hivyo mwenye kopo muulizeni: vidonge hivi vimejaribiwa kwa watu wangapi, wenye ugonjwa gani? Majani kwenye chupa hayatoshi. Wala mtu asiache dawa ya presha kwa sababu yake. Presha haiumi mpaka siku ya kumwangusha mtu.

Supu endeleeni kunywa. Lakini mama mjamzito au mwenye upungufu wa damu aulize kliniki kwanza, maana ule ukali wa gome unaokausha ulimi huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Chai kali pamoja na chakula hufanya vivyo hivyo. Na ukifika kwa daktari, mwambie unachokunywa, hata kama ni gome tu.