Jeraha la Panga na Msaada wa Kwanza

Ndugu Wanachama,

Kabla ya kuchuma hapana budi kusafisha shamba, na kila mmoja wetu hushika panga, shoka au msumeno. Tawi la mkarafuu twaliogopa kwa kuwa ni jepesi kuvunjika, na hofu hiyo ni ya haki. Panga hatuliogopi, kwa kuwa tunalo mkononi kila siku. Yafaa basi tujue la kufanya linapotukata, na khasa yale yasiyofaa kufanywa.

Kwanza ni damu. Damu huzuiwa kwa kukandamiza. Chukua kitambaa safi, kikunje, kiweke juu ya jeraha, kisha kandamiza kwa kiganja dakika 10 kamili bila ya kufunua. Kila ukifunua kutazama, damu iliyoanza kuganda hubanduka ikatoka upya. Aliyekatwa akae au alale, na mkono au mguu wake uinuliwe. Kitambaa kikilowa usikitoe. Ongeza kingine juu yake na ukandamize zaidi. Kisha funga, lakini usikaze hata vidole vikawa baridi au vikafa ganzi. Kijiti kilichozama ndani sana usikichomoe, mwachie daktari.

Wengi wetu hukimbilia kamba. Kukaza kamba ni jambo la mwisho, kwa damu ya mkono au mguu inayoruka na isiyozuilika kwa kukandamiza. Hapo tumia kitambaa kipana, ufunge baina ya jeraha na kiwiliwili, si juu ya kiungo. Shika saa uliyofunga, usilegeze njiani, na mgonjwa apelekwe hospitali mbio.

Pili ni kusafisha. Jeraha dogo lioshwe kwa sabuni na maji safi mengi ya kumimina, kisha lifunikwe. Usitie udongo, jivu, ugoro, mafuta ya taa wala utando wa buibui. Na sisi wenye karafuu tusitie mafuta ya makonyo. Ni kweli hutuliza jino linalouma, lakini ni makali, na ndani ya jeraha huunguza nyama.

Tatu ni pepopunda, na hili ndilo kubwa. Vijidudu vyake hukaa katika udongo wa kila mahali, wa Wete kama wa Utemini kule Singida. Huingia hata kwa kidonda kidogo, na ugonjwa huanza baada ya siku 3 hata 21, pengine kidonda kimekwisha kupona na mtu amekisahau. Taya hukaza, shingo hukakamaa, mwili hushtuka kwa maumivu, na wengi hufa. Kinga yake ni sindano. Wanawake huchomwa wanapokuwa waja wazito. Lakini wanaume wengi hawakuchomwa tena tangu utotoni, nao ndio washika panga. Basi ukikatwa, nenda kituo cha afya siku ile ile, ukaseme ulichomwa lini. Kama hukumbuki, sema hukumbuki. Wala usingoje kukatwa. Waweza kuuliza sindano hiyo hata leo.

Nenda hospitali, iwe Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee pale Mkoani, ikiwa jeraha limeachama, au kidole hakikunjiki au hakina hisia hata kama damu imekatika, kwani huenda kano au mshipa wa fahamu umekatwa. Nenda vile vile kidonda kikivimba, kikitoa usaha au kikileta homa.

Lililo bora ni kutokatwa. Noa panga, maana panga butu huteleza. Tazama mpini kama haukulegea. Mkono unaoshika kijiti ndio unaokatwa mara nyingi. Basi kivute kwa upembo, usikishike kwa vidole. Kata kwa kuuelekeza mkono mbali na mguu wako. Usipande mkarafuu na panga mkononi. Livute juu kwa kamba baada ya kukaa vyema, na asiwepo mtu chini.

Tunawaomba wanachama kila shamba liwe na kopo lenye kifuniko, ndani yake vitambaa vilivyofuliwa na kupigwa pasi, kipande cha sabuni, na kando yake chupa ya maji safi. Gharama yake ni ndogo kuliko pishi moja ya karafuu.

Wenu katika kazi,
Katibu